Mpaka wa Akiba ni Wapi?

Wazee wetu husema: Akiba haiozi. Ni neno la kweli. Mtu anayekula mavuno yote mwezi wa mavuno, mwezi wa njaa atakwenda kuomba kwa jirani. Lakini tuulize swali moja: Je, akiba ya mtu mmoja yaweza kuwa njaa ya mwenzake? Na kama ndivyo, mpaka wake ni wapi?

Ili tupate jibu, tutazame jambo lililotokea mbali na kwetu, katika nchi ya Marekani. Huko, mara mbili katika miaka hii, risasi za bunduki zilikosekana madukani. Pengine msomaji wa Kongo atasema: «Afadhali zingekosekana na kwetu!» Twamwelewa. Sisi tumeona risasi nyingi kupita kiasi, na makaburi yetu yashuhudia. Lakini hapa hatusemi habari za vita vyetu. Huko Marekani watu wengi wana bunduki kwa ruhusa ya sheria: wa kuwinda, wa kushindana kulenga shabaha, wa kulinda nyumba. Kwao risasi ni kitu cha dukani, kama kwetu chumvi na sabuni. Tunalotaka kuliangalia ni moyo wa mtu mbele ya kitu kinachopungua.

Tarehe 14 Desemba 2012, mtu mmoja aliua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule moja ya Newtown, jimbo la Connecticut. Nchi nzima ililia. Wakuu wakaanza kusema juu ya sheria kali zaidi za bunduki. Mara watu wakakimbilia madukani kununua kabla mlango haujafungwa. Hata risasi ndogo za .22, ambazo vijana hujifunzia kulenga, zikawa adimu kwa miaka. Maduka mengi yakaweka kipimo, kila mteja masanduku machache tu. Kisha, Aprili 2013, mpango wa sheria kwa nchi nzima ukashindwa katika Baraza la Seneti. Tazameni basi: sheria ya nchi nzima waliyoiogopa haikuja. Uliokuja ni upungufu, na hofu yenyewe ndiyo iliyouleta.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2020. Ugonjwa wa korona, fujo za mijini na uchaguzi wa rais vilitia watu wasiwasi. Huko, kabla duka halijamwuzia mtu bunduki, serikali huchungua habari zake. Mwaka 2019 uchunguzi huo ulifanyika mara milioni 28 na zaidi. Mwaka 2020, karibu mara milioni 40. Si kila uchunguzi ni bunduki moja iliyouzwa, lakini waonyesha jinsi watu walivyokimbia. Na kila bunduki mpya yadai risasi.

Wako tena watu wasionunua risasi zilizo tayari. Huokota maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, wakayajaza upya nyumbani kwa subira, na hivyo hupunguza gharama. Wanahitaji kichwa cha risasi, baruti, na fataki, yaani kile kikombe kidogo cha chini kinachotoa moto kikigongwa. Hao waliteseka kuliko wengine. Fataki za Marekani wakati huo zilitengenezwa hasa na viwanda vichache sana: CCI, Federal, Winchester na Remington. Maagizo yakiwa mengi, kiwanda hutia fataki kwanza katika risasi zake chenyewe. Mjazaji wa nyumbani hupata masalio. Fataki 1,000 zilizokuwa zikiuzwa dola 30 au 40 zikafika dola 100 na zaidi.

Watu walinung'unika: «Wenye viwanda wanaficha mali!» Lakini kiwanda cha namna hii hakijengwi kwa siku moja. Dawa ya fataki hulipuka kwa kugongwa kidogo. Yataka mashine za pekee na mikono iliyozoea. Tena mwenye kiwanda naye ana hofu yake. Akijenga jumba jipya leo, na kesho watu wakitulia, atamwuzia nani? Hofu ya miaka ya nyuma ilipopoa, biashara ya bunduki ilishuka, na Machi 2018 kampuni ya Remington, yenye madeni mengi, ilifilisika. Ikafilisika tena Julai 2020, wakati ule ule watu walipokuwa wakililia risasi.

Risasi zilipoanza kurudi madukani, vita vikawaka Ukraine, Februari 2022. Baruti ya siku hizi hutokana na pamba iliyotiwa asidi, na baruti ya namna hiyo ndiyo inayosukuma makombora ya mizinga. Majeshi yakaitaka kwa wingi. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya Vista Outdoor ilitangaza kwamba itapandisha bei zake tangu Januari 2024.

Basi watu waliuliza: Upungufu utaisha lini? Tujibu kwamba una mizizi miwili. Mmoja ni viwanda na vita. Huo mnunuzi hawezi kuung'oa. Wa pili uko moyoni mwake. Mtu aliyezoea kununua masanduku 2 kwa mwaka asikia kwamba yatakosekana, anunua 10. Hakuiba, amelipa fedha yake. Lakini anayekuja nyuma yake akuta rafu tupu, naye aogopa. Siku duka likipata mali, huyo atanunua 20. Kila mmoja asema: «Mimi nimechukua kidogo tu.» Na wote pamoja wamemaliza.

Mtu atatujibu: «Nisiponunua mimi, mwingine atanunua. Wema wangu utaniacha mikono mitupu.» Neno hili lina nguvu, wala hatulidharau. Baba wa watoto hawezi kulala bila kufikiri kesho. Lakini tuitazame tena methali yetu. Akiba haiozi: nani aliyeweka akiba hiyo? Ni yule aliyeiweka wakati wa mavuno, ghala za wote zilipojaa. Huyo hakumnyima mtu. Hata njaa ikija, hasimami katika mstari. Nafasi yake amewaachia wengine. Lakini anayejaza ghala wakati wa njaa, kila debe analoongeza ametoa katika chungu cha mwingine. Mpaka ni hapo. Wakati wa wingi, weka. Wakati wa uhaba, chukua haja yako, uwaachie wanaokufuata.

Na yule aliyenunua yote ili auze kwa bei mara tatu? Huyo hakuweka akiba. Anafanya biashara ya hofu ya wenzake. Lakini mjazaji mzee aliyejiwekea polepole katika miaka myema, akimgawia kijana fataki 100 kwa bei aliyonunulia yeye, akiba yake imezaa matunda mawili: imemtunza yeye, nayo imemtunza jirani.

Ndugu, sisi hatujazi maganda ya risasi. Lakini chumvi, sukari na mafuta ya taa hukosekana sokoni kwetu pia, na pengine kilichotangulia ni uvumi tu. Siku hiyo mtu ajiulize mambo matatu kabla ya kufungua mfuko: Hiki nitakitumia lini? Nani yuko nyuma yangu katika mstari? Na nikibaki na ziada, nitampa jirani kwa bei gani? Mwenye kuyajibu kwa haki ataijua akiba ni nini, na ulafi ni nini. Upungufu hautaisha siku hiyo kwa ajili yake. Lakini yeye hatakuwa ameuongeza.