Majina ya Rangi: Ya Kujuana au ya Kubaguana?

Jioni moja baada ya darasa hapa Chamazi, kijana mmoja anayeichunguza dini aliniuliza: "Sheikh, ikiwa sote ni watoto wa Adamu, ya nini kuitana Mwafrika, Mhindi, Mwarabu na Mzungu? Si heri tuyazike majina hayo, ubaguzi nao ufe?" Mwenziwe akadakia: "Tukiyazika, aliyedhulumiwa kwa rangi yake atadai haki yake kwa jina gani?"

Ndugu msomaji, kila mmoja alishika sehemu ya ukweli.

Tumtazame wa kwanza. Zama za ukoloni, mji wa Dar es Salaam ulikuwa na Uzunguni na Uhindini, na Mwafrika alikuwa na mahali pake mbali na hapo. Shule na mishahara vilipangwa kwa rangi. Hata katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Basi jina la rangi halikumtambulisha mtu. Lilipima stahili yake. Na Mwafrika naye akitawala aweza kukitumia kipimo hicho hicho. Huko Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke, baadhi yao walikuwa raia, na uraia wao haukuwaokoa.

Lakini wa pili naye hakukosea. Tabibu asiyetaka kuutaja ugonjwa hawezi kuutibu. Baada ya uhuru wa 1961, Serikali ya Tanganyika iliwatanguliza Waafrika katika kazi za serikali, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wamenyimwa. Je, ingewezekana kuwarudishia haki bila kuwataja? Hata hivyo, Oktoba 1961 Mwalimu Nyerere alikataa katakata Bungeni kwamba uraia upimwe kwa rangi. Na Januari 1964 akatangaza kwamba utaratibu ule wa kuwatanguliza Waafrika umekwisha, raia wote wawe sawa. Jina lilitajwa ili dhuluma iondolewe, kisha likavuliwa mamlaka.

Mwenyezi Mungu anatufundisha katika Kurani Tukufu (49:13) kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele Yake ni yule amchaye zaidi. Hapo majina hayakufutwa, bali yamewekewa mpaka. Bilal (r.a.) aliitwa Mhabeshi na Salman (r.a.) Mfarsi, nao wakaheshimiwa. Lakini Abu Dharr (r.a.) alipomtukana mtu kwa mama yake asiye Mwarabu, Mtume (s.a.w.) alimkemea kwamba bado ana ujahili ndani yake. Asili ya mama yule ilikuwa kweli. Kosa ni kuigeuza kuwa tusi.

Basi kipimo ni hiki: jina likishatamkwa, ni nini kinachofuata? Kikiwa ni kujuana, au kuirudisha haki iliyoporwa, jina halina dhara. Kikiwa ni kumnyima mtu kazi, nyumba au mke, hilo ni sanamu jipya, hata likitamkwa msikitini.

Nami nina la kuungama. Kijana yule baba yake ni wa asili ya Kihindi na mama yake ni Mzaramo. Darasani walikuwamo wawili wenye jina moja, nami, ili kuwatofautisha, nilizoea kumwita "yule chotara". Sikukusudia ubaya, lakini kwake yeye neno hilo ndilo lililotangulia kila mlango uliofungwa usoni pake. Nilimwomba radhi mbele ya wenziwe, na tangu siku hiyo namwita kwa jina lake na la baba yake.

Mwenyezi Mungu azisafishe ndimi zetu na nyoyo zetu. Amin.