WATOTO WANAPOTUOMBA TUWEKE BUNDUKI CHINI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Ijumaa hii tujiulize swali moja. Je, mtoto ana haki ya kumwambia mkubwa wake, "Baba, weka bunduki chini"? Na mkubwa akiambiwa hivyo, ana wajibu gani mbele ya Mwenyezi Mungu? Usiseme haraka kwamba swali hili ni la watu wa mbali. Ni kweli tutaanzia mbali, lakini tutamalizia hapa hapa Baraka, kwenye mlango wa nyumba yako na yangu.

YALIYOTOKEA MAREKANI

Tarehe 14/2/2018, katika mji wa Parkland, jimbo la Florida, kijana wa miaka 19 aliingia katika shule aliyosoma zamani akaua watu 17: wanafunzi 14 na wakubwa 3 wa shule. Bunduki ile hakuiiba. Aliinunua dukani, na sheria ya kule ilimruhusu. Katiba ya Marekani ina kifungu cha tangu 1791 kinachompa raia haki ya kuwa na silaha, na watu wengi wa kule wanaamini kwamba bunduki ya nyumbani ndiyo ulinzi wa familia.

Wanafunzi waliobaki hai waliwazika wenzao, kisha wakawaendea watunga sheria. Tarehe 24/3/2018 vijana na wazazi, mamia ya maelfu, walikusanyika Washington. Mwanafunzi mmoja wa shule ile alipanda jukwaani, akawataja waliokufa, kisha akanyamaza mbele ya umati wote. Maneno yake na ukimya wake kwa pamoja vilichukua dakika 6 na sekunde 20, kwani muda kama huo ndio uliotosha kuua watu 17. Msichana wa miaka 11, Naomi Wadler, mzaliwa wa Ethiopia, naye alisimama kuwasemea wasichana weusi wanaouawa kwa bunduki na habari zao hazifiki kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti.

Wakubwa wengine waliwacheka. Walisema hawa ni watoto, wametumwa, hawajui kitu. Lakini jimbo la Florida lilikuwa limekwisha kubadili sheria tarehe 9/3/2018, likapandisha umri wa kununua bunduki kutoka miaka 18 hadi 21. Mauaji hayakwisha. Tarehe 24/5/2022, Uvalde, jimbo la Texas, kijana wa miaka 18 aliua wanafunzi 19 na walimu 2. Mwezi uliofuata serikali kuu ya Marekani ikatia sahihi sheria inayotaka wanunuzi walio chini ya miaka 21 wachunguzwe zaidi. Ni hatua ndogo. Tangu 2020 bunduki imekuwa ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana katika nchi ile tajiri.

Wengi wetu tuna jamaa kule. Watu wa Fizi walivuka ziwa tangu 1996, wakakaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na baadaye wengi wakapelekwa Marekani. Mama mmoja mzee, jirani yangu, ana mjukuu kule. Mtoto alimweleza kwa simu kwamba shuleni wanazoezwa kuzima taa, kulala chini na kunyamaza kimya, wasionekane akija mtu mwenye bunduki. Mama yule akaja kwangu akauliza, "Shehe, sasa watoto tuliwakimbizia wapi?" Sikuwa na jibu.

NA KWETU JE?

Kule sheria ndiyo inayompa mtu bunduki. Hapa sheria inakataza, lakini bunduki inapita juu ya sheria. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 3/9/1985 kuhusu silaha na masasi inataka mwenye silaha awe na ruhusa ya serikali. Sheria ya tarehe 10/1/2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumwingiza aliye chini ya miaka 18 katika jeshi au katika kundi lolote la silaha. Sheria tunazo. Tuulizane ni nani kati yetu amewahi kuziona zikitembea katika njia za Fizi.

Hesabuni wenyewe. Wakati wa uasi wa 1964 na 1965 silaha zilivuka ziwa kutoka Kigoma, na Che Guevara mwenyewe akaja milimani kwetu mwaka 1965. Mwaka 1996 vita vilirudi. Mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, Makobola na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 800 waliuawa katika siku chache. Baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025, vijana wengi zaidi wameshika bunduki kwa jina la Wazalendo. Babu alipewa bunduki ili alinde ardhi. Baba akapewa bunduki ili alinde ardhi. Sasa mtoto anapewa, na maneno ni yale yale.

Wala vijana wa Kongo hawakunyamaza. Mwezi wa nne 2021, wanafunzi wa Beni, Kivu ya Kaskazini, walikwenda kwenye ofisi ya meya na kukaa pale, na usiku wakalala pale pale nje, wakidai mauaji yakome na Rais aje awaone. Polisi waliwaondoa kwa nguvu. Watoto wale hawakuwa wamesoma habari za Parkland ili waige. Mtoto anayeona wenzake wanazikwa hahitaji kufundishwa na mtu.

Nina jambo langu mwenyewe la kusema. Mwaka 1996 nilikuwa kijana, nikifundisha watoto chuoni. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye sauti yake ilikuwa bado nyembamba, alinijia baada ya Magharibi. Alikuwa ameufunga msahafu wake katika kitambaa. Akaniambia, "Mwalimu, askari wanataka twende nao. Niende?" Niliwaogopa askari. Nikamwambia, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye." Maneno yale ni ya kweli, lakini siku ile niliyatumia kujificha. Alikwenda, akawa kadogo kama wengine. Baada ya wiki chache nilimwona barabarani, mikono ya koti imempita vidole, bunduki inamgonga magoti. Sikumwona tena. Msahafu wake ninao mpaka leo.

Ndugu yangu, mtoto yule aliniuliza swali, nami nilikuwa mkubwa wake. Ndiyo sababu ninaandika karatasi hii.

JE, MTOTO ANAWEZA KUMSHAURI MKUBWA?

Mila zetu zinamfundisha mtoto kumheshimu mkubwa, na dini inatilia nguvu. Lakini heshima haina maana ya kufunga mdomo. Nabii Ibrahim (A.S.) alikuwa kijana alipomwuliza baba yake kuhusu masanamu, na alimwuliza kwa upole na adabu. Qur'ani haikumlaumu kwa kuuliza. Lawama ilimwendea baba aliyemtisha mwanawe badala ya kumjibu.

Kabla ya vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliona ni bora kubaki ndani ya Madina. Vijana wengi ambao hawakuwapo Badr walitaka kutoka, naye akafuata shauri lao. Siku ile masahaba karibu 70 waliuawa. Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo vijana wangenyamazishwa. Kinyume chake, katika Surat Aal Imran Mtume aliamrishwa awasamehe na azidi kushauriana nao. Vijana wale walitaka kwenda vitani, na hawa wa leo wanataka silaha ziwekwe chini, lakini adabu ya mkubwa kuwasikiliza ni ile ile.

Tena katika jambo hili vijana wana haki zaidi yetu, maana wao ndio wanaolipa. Mzee anapitisha uamuzi, na kijana ndiye anayezikwa. Huwezi kutumia uhai wa mtu kisha ukamnyima neno.

MTUME ALIIWEKEA SILAHA MIPAKA

Wengine wanadhani kuweka sheria juu ya silaha ni mambo ya mashirika ya kigeni. Tazama mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), ambayo wanavyuoni wa hadithi wameyapokea:

1. Anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, isije ikamjeruhi mtu.

2. Alikataza kupeana upanga ukiwa wazi, nje ya ala yake.

3. Alikataza kumwelekezea ndugu yako silaha, hata kwa mchezo, kwa kuwa hujui kama Shetani hatauvuta mkono wako.

4. Siku ya Uhud, Abdullahi bin Umar alijitolea kupigana akiwa na miaka 14. Mtume alimrudisha nyumbani.

Simama kwenye hili la nne. Waislamu walibaki karibu 700 mbele ya Makureshi 3000. Kama kuna siku ambayo mtu angesema "hali ni ngumu, tuchukue hata watoto," ni siku ile. Mtume aliwakagua watu wake, na watoto akawarudisha. Kwa hiyo uhitaji wa vita haumpi mtu ruhusa ya kumtumia mtoto.

Atatokea wa kusema: lakini mwaka wa Khandaq, Ibn Umar alikubaliwa akiwa na miaka 15. Ni kweli. Ila somo ni kwamba mpaka uliwekwa, na kiongozi akausimamia. Leo nchi yetu imeweka mpaka wa miaka 18, na Muislamu ni mtu wa kutimiza ahadi.

"LAKINI ADUI HANA SHERIA"

Hili ndilo jibu tunalolisikia kila mahali, na si jibu la kijinga. Watu wamechomewa nyumba. Ng'ombe wamechukuliwa, mashamba ya mihogo yameachwa. Uislamu haumkatazi mtu kulinda nafsi yake, watu wake na mali yake. Wala siwezi kukwambia leo kwamba ukisalimisha bunduki yako, kesho serikali italala mlangoni kwako ikulinde. Ningekuwa nakudanganya.

Lakini sikiliza. Mbembe wa huku anasema, "Sisi tunajilinda tu." Mnyamulenge wa kule juu anasema, "Sisi tunajilinda tu." Mfuliiru anasema hivyo, na Mmarekani aliyenunua bunduki dukani anasema hivyo. Kila mtu anajilinda, na bado makaburi yanaongezeka pande zote. Basi kuna mahali ambapo ulinzi uligeuka kitu kingine, nasi hatukuona.

Uligeuka pale bunduki iliyoletwa kwa ajili ya adui ilipoanza kukata kesi ya shamba na deni la duka, na kudai pesa kwa mama anayepeleka ndagala sokoni. Uligeuka ilipopewa mtu ambaye hajui bado hasira yake ina uzito gani. Ulinzi una mkubwa anayewajibika, una hesabu, una mpaka wa umri, na una siku ya kumalizika. Ukikosa hayo, bunduki inakuwa ndiyo bwana na wewe mtumwa wake.

Katika Katanga ya kaskazini, baada ya vita vilivyomalizika 2003, watu wa dini walikuwa wakimpa baiskeli anayesalimisha bunduki. Baiskeli ni kitu kizuri. Lakini hofu ya jirani haiondoki kwa baiskeli. Inaondoka jirani anapoona kwamba nawe umemzuia mwanao.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kumaliza vita vya Kongo kutoka msikiti wetu. Lakini matatu haya yapo mikononi mwetu:

Kwanza, mtoto wa chini ya miaka 18 asipewe bunduki, wala asitumwe kubeba masasi au kusimama kwenye barieri. Mzazi mmoja akikataa peke yake ataogopeshwa. Tukikataa sote, pamoja na ndugu zetu wa makanisa na wakubwa wa kartie, itakuwa kanuni ya mji.

Pili, bunduki isiingie msikitini, shuleni, sokoni wala arusini. Mwenye nayo aiache. Kama mshale ulikuwa na adabu yake sokoni, bunduki inastahili zaidi.

Tatu, kijana anayekataa bunduki asiitwe mwoga. Mwana wa Adam aliyekataa kunyosha mkono wake kumwua ndugu yake hakuwa mwoga, na hasara ilimrudia muuaji. Anayembeza kijana wa namna hiyo ana sehemu katika damu itakayofuata.

Jumapili baada ya Alasiri vijana wote, wavulana na wasichana, wanaitwa hapa msikitini. Watasema wao, na sisi wazee tutanyamaza na kusikiliza mpaka wamalize. Akitokea mmoja wa kuniuliza, "Shehe, niende?", safari hii nitamjibu.

Ee Mola wetu, walinde watoto wetu na watoto wa jirani zetu, wa bondeni na wa milimani. Wasamehe waliotangulia. Tupe amani Fizi, Kongo yote na kila nchi ambayo mtoto analala kwa hofu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

(Tafadhali usisome karatasi hii wakati khatibu anahutubu. Ina jina la Mwenyezi Mungu, usiitupe wala usifungie bidhaa. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako.)