Ayubu na Hukumu ya Watazamaji

Swali la kwa nini mwenye haki huteseka limejadiliwa na wanateolojia kwa karne nyingi kama swali juu ya uadilifu wa Mungu, lakini lina upande mwingine usiotazamwa sana, nao ni jinsi mateso yanavyobadili fikra za wanaoyashuhudia. Mwaka 1966 wanasaikolojia wa Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons, waliwaonyesha wanafunzi wa kike wa chuo kikuu mwenzao ambaye, kama walivyoaminishwa, alipigwa shoti ya umeme kila alipokosea jibu, ingawa kwa kweli alikuwa akiigiza. Waliopewa nafasi ya kumnusuru hawakumdharau. Walioelezwa kwamba adhabu ingeendelea walianza kumwona mtu asiyevutia, na aliyeshushwa hadhi kuliko wote, jambo linaloumiza kulitafakari, ni yule aliyesemekana kukubali kuteseka kwa ajili ya wengine.

Lerner aliieleza hali hiyo kwa dhana ya imani ya ulimwengu wa haki, yaani tegemeo, mara nyingi lisilotamkwa, kwamba kila mtu hupata anachostahili. Anayesema malipo ni hapa hapa duniani humfariji aliyedhulumiwa. Lakini fikra hiyo ikianzia kwenye balaa na kurudi kinyumenyume kutafuta kosa, humtia hatiani asiye na hatia.

Hakuna andiko linaloonyesha mwendo huo waziwazi kuliko Kitabu cha Ayubu katika Biblia, kisa cha mwenye haki anayeteseka. Elifazi, rafiki wa Ayubu aliyeketi chini pamoja naye na wenzake siku 7 bila kusema neno, anapoanza kunena anakiri kwamba Ayubu aliwafundisha wengi na kuwatia nguvu wanyonge. Lakini katika sura ya 22 anamshutumu mtu huyohuyo kwa kuwavua maskini nguo zao, kumnyima maji aliyechoka na chakula mwenye njaa. Kati ya kauli hizo mbili hakuna shahidi aliyeletwa wala tendo jipya lililogunduliwa. Maelezo yake yanapendeza kwa sababu ni mepesi, yana chanzo kimoja, na humhakikishia msemaji kwamba yeye, akiwa mwema, hatafikwa na kama hayo.

Mwishoni Mungu anamkasirikia Elifazi na rafiki zake wawili kwa kutonena yaliyo sawa juu yake, huku Ayubu, aliyelalamika na kudai majibu, akithibitishwa na kuwaombea, bila ya yeye mwenyewe kuelezwa popote kilichosababisha mateso yake.