NITARUDI WAPI?

Kijana, sikia hii! Mwaka 586 K.K. jeshi la Babeli lilichoma hekalu la Yerusalemu, Wayahudi wakachukuliwa mateka. Walijitakia wenyewe, manabii walishawaonya weee! Lakini fungua Isaya 40: Mungu anaanza na faraja, si karipio. Mwaka 538 K.K. mfalme Koreshi wa Uajemi akawaruhusu warudi. Ezra 2 inahesabu watu 42,360. Sasa fikiri, wengi wao walizaliwa Babeli kule kule. Yerusalemu waliusikia tu kwa babu zao. Hata hivyo waliitwa nyumbani. Wewe unasema, “Kanisani sijawahi kukanyaga, nitarudi wapi?” Rafiki, hata wale njia hawakuijua. Hapo hapo ulipo, mwambie Yesu: “Nipeleke nyumbani.”