Kumvua Samaki na Kumwachia: Je, Hiyo ni Huruma?



Likizo inakuja, na baadhi yetu tutapanda kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Humo wamo trauti, samaki walioletwa na wakoloni Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Huvuliwa kwa nzi wa bandia, yaani manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana. Wengi wakishamvua humwachia akiwa hai, wakasema ni huruma.

Sawa, lakini samaki ametobolewa mdomo ili mimi nifurahi tu. Anayemvua ili amle ana sababu. Hata Yesu mfufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake (Lk 24:42-43). Katekisimu (Na. 2418) inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Ya binadamu, jamani! Mtakatifu Thoma wa Akwino naye aliona kuwa ukatili kwa mnyama huuzoesha moyo ukatili kwa watu.

Utasema, kumwachia kunalinda mto usiishiwe samaki. Kweli. Ila kuvua mmoja wa kula, kisha kukunja uzi, nako kunaulinda. Akinaswa mdogo, lowesha mikono kwanza usimtoe ute unaomkinga, umrudishe upesi.

Msimamo wangu ni huu: vua unachokula, halafu sema "inatosha". Asiyeweza kulisema neno hilo mtoni, ataliweza wapi: kwenye pesa, au kwenye mapenzi?

Bwana atujalie kiasi. Amina.