Wenzi Wasiotajwa

Alfajiri, barabara za Johannesburg huwa na wakimbiaji wanaojiandaa kwa Comrades, mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban, ufukweni mwa Bahari ya Hindi, na Pietermaritzburg. Nami nimo. Jina hilo lina maana ya wenzi: Vic Clapham, askari aliyepigana Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alizianzisha mwaka 1921 kuwaenzi wenzake waliokufa.

Katika vita hivyo, makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao limesalia katika Kariakoo, ambayo wengi wetu huitaja tukienda sokoni tu. Nao Waafrika hawakuruhusiwa rasmi kushiriki mbio hizi hadi 1975.

Je, mateso ya hiari yaweza kuyaenzi mateso ya shuruti? Hayawezi kulingana nayo: nikichoka, naweza kuketi; mpagazi hakuweza. Lakini uhuru huo wa kuketi ndio deni langu. Kulilipa ni kupanua maana ya wenzi, hadi imfikie aliyebeba mzigo bila kuulizwa hiari yake.