Ushujaa, Haki na Nishani: Vita vya Ziwa Nyasa

Swali la kama ushujaa ni wema kwa nafsi yake, au hupata wema wake katika haki ya jambo linalopiganiwa, lina uzito wa pekee Bujonde na kwingineko Kyela, nchini Tanzania, kwa kuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliufanya Mto Songwe, ambao Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde wanaishi pande zake mbili, kuwa mpaka wa mataifa mawili yanayopigana.

Tarehe 9 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichotoka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, kilishindwa na Waingereza huko Karonga, Nyasaland (sasa Malawi). Na tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walivamia ufukwe wa Sphinxhaven, sasa Liuli, wakateremsha askari wa miguu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni ambalo askari wake walikuwa Waafrika na maofisa wake Wazungu, wakaiharibu meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Kwa uvamizi huo George Dennistoun, ofisa wa majini aliyeuongoza, alitunukiwa Distinguished Service Order, nishani iliyokuwa ya maofisa peke yao wakati huo, ambayo kwa hiyo askari Mwafrika aliyeshuka ufukweni siku hiyohiyo hangeweza kuipata hata kama angewazidi wote kwa uthabiti.

Aristotle alifundisha kwamba anayekabili kifo kwa kutafuta heshima au kwa kuogopa adhabu ana kitu kinachofanana na ushujaa, ilhali ushujaa kamili hutendwa kwa ajili ya uzuri wa tendo lenyewe. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alishikilia kwamba ushujaa uliotengana na haki hufungua njia ya uovu, na kwamba tendo lake kuu ni kustahimili, yaani kubaki thabiti katika jema wakati hatari haiwezi kuondolewa, na kwamba kushambulia huja nyuma ya hilo.

Fundisho hilo likikubaliwa, mizani inageuka, kwa sababu waliostahimili kuliko wote katika vita ile ni tengatenga, wapagazi, wengi wao wa kulazimishwa, waliobeba risasi na chakula cha majeshi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Yaweza kupingwa kwamba aliyelazimishwa hana fadhila, kwa kuwa fadhila huhitaji hiari. Lakini ofisa naye alikuwa chini ya amri, na kulazimishwa kwenda hakumwondolei mtu uamuzi wa namna atakavyotenda akiwa njiani, kama vile kumtegemeza mwenzake mgonjwa au kumwacha.

Mchungaji John Chilembwe wa Nyasaland aliliona mapema swali la haki ya jambo linalopiganiwa, kwani mnamo Novemba 1914, baada ya mapigano ya Karonga, aliandika barua gazetini akihoji kwa nini Waafrika wamwage damu katika vita isiyowahusu. Hoja yake haikuwadharau waliopigana; iliwashtaki waliowatuma. Nishani, basi, ni ushahidi wa tendo na haiwezi kuwa hukumu ya haki, na jamii inayoamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu ina wajibu wa kuwahesabu mashujaa wake kuanzia kwa wale ambao hakuna serikali iliyoona haja ya kuandika majina yao.